Sauti ya vioo: uchambuzi wa kisa cha filamu kuhusu mfinyanzi aliyepoteza macho

## Kwa nini nakiandika kisa hiki

Kazi yangu ni sauti. Narekodi na kuhariri sauti za filamu za hali halisi, na kisa hiki kinatokana na filamu tuliyoitengeneza mwaka 2018 na 2019 kuhusu mwanamke aliyepoteza macho katika mlipuko wa Nairobi wa 7 Agosti 1998, ambaye leo ni mfinyanzi na mwalimu wa ufinyanzi. Kosa kubwa kuliko yote katika kazi ile lilipitia mikononi mwangu. Nimelieleza mara kadhaa kwa vijana wanaoanza kazi hii, na kila mara nimeona linawagusa kuliko mafunzo ya darasani, ndipo nikaona niliandike lote.

Mhusika mwenyewe alisomewa andiko hili akakubali litoke, kwa sharti kwamba jina lake, mji wake na karakana yake visitajwe. Mambo machache ya familia yake nimeyabadilisha. Karakanani watu wote humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo.

## Siku yenyewe, na miaka iliyofuata

Ilikuwa Ijumaa, saa nne na nusu za asubuhi zimepita kidogo. Lori lililobeba bomu lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani, karibu na makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie, katikati ya jiji. Mlinzi alikataa kufungua kizuizi. Washambuliaji wakarusha guruneti na kufyatua risasi. Watu waliokuwa kwenye majengo ya jirani waliposikia kishindo kile cha kwanza wakafanya ambalo mtu yeyote angefanya: walikimbilia madirishani kutazama kuna nini. Hapo ndipo bomu lenyewe lilipolipuka. Jumba la Ufundi likaporomoka, na vioo vya majengo ya karibu vikarukia ndani. Nairobi walikufa watu 213. Dar es Salaam, ambako bomu la pili lililipuka asubuhi ile ile, walikufa 11. Majeruhi walikuwa maelfu, na kwa kuwa wengi walikuwa wameelekeza nyuso zao dirishani, walioumia macho walikuwa wengi mno.

Mwalimu alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuwa mchora ramani za majengo katika ofisi moja ya ghorofani, na jioni nyumbani alichora kwa rangi za maji: masoko, watoto, miti ya mjakaranda inapochanua. Aliuza kadi na picha ndogo ndogo kwa marafiki na kwa duka moja la zawadi. Kitu cha mwisho alichokiona kwa utulivu, kabla hajainuka kwenda dirishani, kilikuwa ngazi ya nyumba aliyokuwa akiichora kwa wino, vidaraja kumi na saba, na alikuwa amefika cha kumi na moja.

Alifanyiwa upasuaji mara nne. Macho hayakurudi. Baadhi ya waliopofuka siku ile walipelekwa Machakos, kwenye chuo cha ufundi cha wasioona, wengine wakafundishwa kwingineko. Naye alijifunza kutembea kwa fimbo nyeupe, kusoma maandishi ya nukta nundu na kufuma sweta. Sweta alizichukia. Anasema waliomfundisha walikuwa watu wema, lakini hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa akifanya nini kabla. Udongo aliukuta mwaka 2003, kwa bahati tu, alipokwenda kumtembelea shangazi yake aliyekuwa akifinyanga vyungu vya kuuza sokoni.

Hapa nitakaa kidogo, maana bila kuelewa kazi yake hutaelewa kilichotokea baadaye. Mwalimu hatumii gurudumu. Anaviringisha udongo kuwa kamba, kisha anazipandisha kamba hizo moja juu ya nyingine na kuziunganisha kwa kidole gumba, kama walivyofanya bibi zake. Unene wa ukuta wa chungu anaupima kwa kuubana katikati ya vidole. Ili kujua kama chungu kimekauka vya kutosha kuingia tanurini anakigusisha shavuni: kikiwa baridi, maji bado yamo ndani, na ukikichoma hivyo mvuke utakipasua. Kikishatoka motoni anakigonga kwa ukucha na kusikiliza. Chungu kizima hulia kama kengele ndogo. Chenye ufa usioonekana kwa macho hutoa mlio mfu. Wanaoona huwa wanapitwa na ufa huo, yeye hapitwi.

Sikio lake, basi, ndilo jicho lake la kazi. Sisi tuliliona jambo hilo siku ya kwanza tulipofika, tukalisifu, tukalirekodi. Tukashindwa kulifikiria.

## Sharti lake

Kila mwaka ukifika Julai simu za waandishi wa habari huanza kumiminika kwake. Wanataka kumbukumbu ya Agosti 7. Huwapa maneno yale yale, kama dakika saba hivi, kisha wanashukuru na kuondoka hadi mwaka unaofuata. Mwongozaji wetu alikutana naye mahali pengine kabisa, kwenye maonyesho ya kazi za mikono, akanunua mtungi kabla hajajua lolote kuhusu aliyeutengeneza. Nadhani hiyo ndiyo sababu Mwalimu alikubali kuongea naye.

Alitupa sharti moja: filamu iwe ya udongo. Mlipuko ungeweza kutajwa, kwa kuwa bila huo asingekuwa alipo, ila usiwe ndio shina la hadithi. Alisema kwa miaka ishirini ameulizwa habari za siku moja, na hakuna aliyewahi kumuuliza habari za miaka kumi na mitano ya ufinyanzi. Tulikubali kwa moyo mweupe. Tulikuwa watu wanne: mwongozaji, mtayarishaji, mpiga picha na mimi.

## Mambo yalivyokwenda

Juni 2018. Mtayarishaji alileta fomu ya ridhaa. Ilikuwa fomu ya kawaida ya kurasa tatu, ile ambayo sote tumeizoea, inayoipa kampuni haki ya kutumia picha na sauti ya mhusika popote, kwa namna yoyote, milele. Alimsomea kwa sauti kwa dakika kama kumi huku wengine tukishusha vifaa kwenye gari. Mwalimu akaweka dole gumba. Hatukumwachia nakala anayoweza kuisoma mwenyewe, ingawa ni msomaji mwepesi wa nukta nundu na Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 54, inataja wazi haki ya mtu mwenye ulemavu kutumia maandishi hayo. Haikuwa dhamira mbaya. Hakuna aliyelifikiria.

Juni na Julai. Tulirekodi karakanani wiki tano, kwa vipindi. Hizi ndizo siku nzuri za kisa hiki. Sauti ya udongo ukipigwa mezani kutoa hewa, sauti ya kidole kilicholowa kikipita juu ya ukingo wa mtungi, wanafunzi wake wakibishana nani kavunja cha nani.

7 Agosti. Mwalimu mwenyewe alitaka kwenda kwenye bustani ya kumbukumbu, pale ulipokuwa ubalozi. Ilikuwa mwaka wa ishirini na palijaa watu. Tulijiandaa kwa kila kitu: mwongozaji alikuwa na maji, leso, gari lililosubiri karibu. Hapakutokea lolote. Alipapasa majina kwenye ukuta, akakaa, akasikiliza hotuba, akaomba twende tukale.

Hotelini, tukingoja chakula, mhudumu aliangusha chupa ya soda kisha akaanza kufagia vigae vyake sakafuni. Mwalimu aliganda. Mikono yote miwili ilishika ukingo wa meza na jasho likamtoka usoni. Lilipokwisha alitueleza kwamba mlio wa vioo vikifagiliwa ndio sauti anayoikumbuka kuliko mlipuko wenyewe, kwani baada ya bomu masikio yake yaliziba kwa saa nyingi, na yalipofunguka, akiwa sakafuni hospitalini, kitu cha kwanza kusikia kilikuwa mtu akifagia vioo.

Kinasa sauti changu kilikuwa kikifanya kazi wakati huo wote. Usiku ule nilirudia kusikiliza, nikaiwekea alama ya nyota sauti ile ya ufagio na vioo. Sikuifuta, wala sikumwambia mtu yeyote kwamba tumeambiwa jambo zito. Niliona nimepata sauti nzuri.

Septemba. Katika mahojiano marefu, bila kuulizwa, Mwalimu alisimulia kwamba baada ya mlipuko alimpeleka binti yake, aliyekuwa na miaka mitatu, akaishi kwa dada yake kwa muda wa miaka miwili. Siyo kwa sababu ya upofu. Mtoto alikuwa akiangusha vitu, na kila kitu kilipoanguka mama alikuwa anapiga kelele, na mtoto akawa anamwogopa. Binti aliambiwa mama yuko hospitalini. Mwaka 2018 alikuwa na miaka 23 na bado aliamini hivyo. Sisi wanne tulilijua jambo hilo kabla yake.

Oktoba na Novemba. Tulinunua picha za kumbukumbu za televisheni: moshi, machela, watu wakichimbua kifusi cha Jumba la Ufundi kwa mikono. Tulijadili kama tumwarifu. Nakumbuka sentensi iliyofunga mjadala, na sitasema nani aliisema kwa kuwa sote tulitikisa kichwa kuikubali: kwamba kwa vile haoni, picha hazitamwumiza.

Januari 2019. Alasiri ya tarehe 15 washambuliaji waliingia kwenye majengo ya hoteli ya DusitD2, barabara ya Riverside, na watu 21 waliuawa kabla ya shambulio kumalizika asubuhi iliyofuata. Redio ilikuwa haizimwi nyumbani kwa Mwalimu. Siku ya tatu alimpigia mwongozaji akasema tusimame. Hakutoa sababu na hakuombwa. Mwongozaji akajibu palepale kwamba tumesimama, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayesema tuendelee, ikiwa atasema. Kituo cha televisheni kilichokuwa kimetoa sehemu ya fedha kilikasirika, maana tarehe ilikuwa imepangwa. Mtayarishaji alibeba lawama ile peke yake kwa miezi mitatu, nami namheshimu kwa hilo mpaka leo.

Mei. Mwalimu alikuwa ametupigia Aprili. Tulimwalika asikilize rasimu ya kwanza. Tulikodi chumba chenye spika kubwa, na mwongozaji akaketi kando yake kumweleza kinachoonekana. Dakika ya nne ilikuwa na picha za 1998. Juu yake nilikuwa nimetandika kishindo, ving'ora, na chini yake, kwa kuinuka pole pole, ufagio na vioo kutoka ile hoteli.

Sitaeleza kwa kirefu. Aliinuka kwenye kiti, akapiga kichwa kwenye ukingo wa meza, akaingia chini yake na kuziba uso kwa mikono. Uso, si masikio. Nilizima sauti. Ilichukua zaidi ya nusu saa kabla hajakubali kushikwa mkono. Kwa karibu wiki tatu baada ya hapo hakuweza kufinyanga, kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka na kamba za udongo zikikatika. Ndoto zilizokuwa zimepungua kwa miaka zilirudi. Oda mbili za vyungu zilimpita.

## Tulivyoamua baada ya hapo

Jambo la kwanza lilikuwa kuomba radhi, nalo halikuwa na ufundi wowote. Nilikwenda kwake na mwongozaji. Nilimweleza nilivyoirekodi sauti ile, kwa nini niliitunza na kwa nini niliiweka. Aliniuliza swali moja: kama nilikuwa nimemsikia siku ile hotelini alipotueleza. Nikamwambia nilimsikia. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema basi tatizo halikuwa sikio.

Tulimpa uamuzi wote: filamu ife, au iendelee. Alichukua wiki mbili. Aliporudi alitaka iendelee, na mambo manne yakabadilika.

Fomu iliandikwa upya kwa nukta nundu, kwa Kiswahili kisicho cha kisheria, ikigawanya ridhaa vipande vipande: kurekodiwa ni jambo moja, kuonyeshwa kwenye televisheni ni jambo lingine, mtandaoni jingine, na kwa kila moja aliweza kukataa bila kuvunja zingine. Kiliongezwa kifungu cha kujitoa. (Baadaye mwaka ule ule Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ilipitishwa, ikasema kwamba mtu anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote, kabla ya hapo wengi katika kazi yetu walidhani kusaini ni kama kuuza shamba.)

Mshauri nasaha aliajiriwa kutoka bajeti ya filamu. Fedha zilitoka kwenye safari ya kupiga picha za angani, na sikusikia mtu akizililia picha hizo.

Sehemu kuhusu binti ilifungiwa. Mwongozaji alimwambia Mwalimu waziwazi kwamba haitaingia kwenye rasimu yoyote mpaka yeye azungumze na mwanawe, na kama hatazungumza haitaingia kabisa. Alizungumza naye Julai, wakiwa wawili, bila kamera. Tuliombwa tusiulize walichosema, na hatukuuliza. Jibu la binti tulilipata kwa njia nyingine: alijitolea kuwa msimulizi wa picha, yaani sauti inayomweleza asiyeona kinachoonekana.

La nne lilikuwa dakika ya nne. Mimi, nikiwa bado na aibu, nilipendekeza kimya kitupu mahali pa mlipuko. Nilidhani ndiyo heshima. Mwalimu alikataa. Kimya ndicho kilichomfunika baada ya bomu, alisema, saa zile masikio yalipoziba. Ukiniwekea kimya unanirudisha palepale. Akatuuliza kama tunaweza kupata sauti ya ofisi yake. Siyo ya mlipuko, ya ofisi ilivyokuwa kabla: kalamu ya wino ikikwaruza karatasi ya kuchorea ramani, rula ya chuma ikiburutwa, kondakta akiita abiria barabarani chini, feni. Tulitafuta wiki nzima. Kalamu ya aina ile tuliipata kwa mzee mmoja mchora ramani aliyestaafu, akatuchorea ngazi mbele ya maikrofoni. Katika filamu iliyokamilika kalamu inakwaruza, inakwaruza, kisha inakatwa katikati ya mstari, na sauti inayofuata bila pengo ni bonge la udongo likipigwa mezani, mwaka 2018. Picha za moshi na machela hazimo. Mlipuko unatajwa kwa sentensi mbili za Mwalimu mwenyewe.

Ulikuwa uhariri wa mtu ambaye hajawahi kuhariri, na ndiyo sehemu bora ya filamu.

Alibadilisha kitu kingine pia. Masimulizi ya mwanzo yalisema udongo umemponya. Akasema hapana, udongo umemlipia karo ya mtoto. Kupona ni neno la watu wanaotaka kuondoka wakiwa wametulia, na yeye bado hulala na redio ikiwa wazi. Tuliliondoa neno hilo mahali pote, hata katika maelezo ya tangazo.

## Matokeo

Filamu ilipangwa kuwa ya dakika 52, ikaisha na dakika 38. Kituo kililalamika kuhusu urefu kisha kikakubali. Ilionyeshwa kwanza Oktoba 2019 katika ukumbi wa shule moja, mbele ya familia, wanafunzi wake na baadhi ya waathirika wenzake wa Agosti 7, wengi wao wasioona, kwa hiyo masimulizi ya binti yalisikika ukumbini kwa wote. Baadhi ya wanaoona walisema yanawasumbua. Waliobaki kwenye giza lao waliuliza kwa nini filamu nyingine haziji hivyo.

Oda za vyungu ziliongezeka kwa miezi kadhaa. Simu za waandishi hazikupungua, ila sasa yeye huwatumia filamu kwanza na kuwaambia waulize kisichokuwemo.

Kisha likatokea lililotuvunja moyo. Wiki ya kurusha filamu kituo kilitengeneza tangazo lake chenyewe la sekunde 30, kikaweka humo picha za moshi na kishindo kutoka maktaba yao. Hatukuonyeshwa. Binti alilisikia akiwa kwenye matatu. Tulipiga simu, liliondolewa siku ya pili, lakini lilikuwa limeshapita mara nyingi hewani. Mkataba wetu na kituo haukusema lolote kuhusu matangazo.

## Uchambuzi

Nianze na sentensi ile ya Novemba, kwamba haoni basi picha hazitamwumiza. Ilikuwa na sura ya huruma na ilikuwa ya uvivu. Kumbukumbu ya kiwewe hukaa katika hisi zilizokuwa wazi wakati wa tukio, na mara nyingi haiji kama hadithi. Inakuja kama mwili kuwa tena pale pale. Mwalimu alikuwa na macho kwa sekunde chache tu za tukio lile. Yaliyobaki, saa na siku na miaka, yaliingia kwa masikio na ngozi. Tulichunga mlango uliokuwa umefungwa na kuacha wazi ule alioishi nao. Na jicho lina kope, sikio halina. Mtazamaji anayeona akiona picha inamjia vibaya atageuza uso au atatazama spika ajikumbushe kwamba ni sauti ya mashine tu. Asiyeona hana kimbilio hilo. Kwake sauti ya vioo iliyotoka spikani kubwa ilikuwa vioo, chumbani, karibu.

Kuhusu mimi, jambo ninalowaambia wanafunzi ni hili: tulipewa onyo mara mbili. Hotelini aliganda mbele yetu, tena akatueleza sababu kwa maneno. Januari alisimamisha kazi. Rasimu ya Mei iliwezekana kwa sababu taarifa ile haikuandikwa popote. Ilibaki kichwani kwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na maslahi ya kuiona kama malighafi. Tangu hapo kila timu ninayofanya nayo kazi huwa na daftari moja linaloandikwa siku ile ile: mhusika ameshtushwa na nini, ameomba nini, amejuta kusema nini. Mhariri hawezi kuanza kazi bila kulisoma. Ni kitu kidogo, kinagharimu shilingi mia ya daftari, na kingetuepusha na yote.

Kurudi kwenye eneo la tukio, ambako sote tulikuogopa, hakukumdhuru. Naona sababu mbili. Alichagua mwenyewe siku na saa, na alikuwa amekwenda pale mara nyingi kabla, akaijua njia. Kilichomdhuru ni kisichotarajiwa, katika mahali pa kawaida, chakula kikiwa njiani. Watengenezaji filamu hujiandaa kwa mahali penye jina kubwa na kulegea hotelini.

Kusimama kwa miezi mitatu ndiyo hatua iliyookoa uhusiano, na ilifanikiwa kwa sababu mwongozaji hakuomba sababu wala hakuweka tarehe ya kurudi. Lakini ilikuwa na kasoro ninayoiona sasa. Tulisimama kurekodi, hatukusimama kuhariri. Katika miezi ile mitatu mimi nilikuwa chumbani nikitandika sauti. Tulirudi kwake tukiwa na filamu iliyokomaa bila yeye, tukiwa tayari tunaipenda. Angesikiliza vipande vibichi, dakika mbili mbili, karakanani kwake, kwa spika ndogo ambayo kidole chake kiko kwenye kitufe, kile kipande cha dakika ya nne kingekufa mapema bila kumwumiza mtu.

Jambo la binti huwa linagawanya watu nikilieleza. Wapo wasemao lilikuwa la hiari yake, mtu mzima kasimulia mwenyewe mbele ya kamera. Sikubaliani nao. Mtu anayesikilizwa vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini husema zaidi ya alivyopanga, na anayefaidika na kusema huko ni anayerekodi. Tena siri ile ilikuwa ya watu wawili, na mmoja hakuwa chumbani. Kufungia sehemu hiyo lilikuwa jambo sahihi. Kama mazungumzo yao yangeharibika, tungekuwa na dakika sita nzuri sana kabatini, na zingebaki huko.

Malipo bado hatujakubaliana. Katika kazi yetu wengi husema usimlipe mhusika, usije ukanunua hadithi. Mwalimu alifunga karakana siku nyingi kwa ajili yetu, akakosa oda kwa sababu yetu, wakati sisi wanne tulilipwa kila siku, nikiwemo mimi niliyemtibulia mikono. Waathirika wa Agosti 7 wanalijua jambo hili kwa ukubwa wake: wamefuatilia fidia kwa zaidi ya miaka ishirini, na fedha ambazo Sudan, iliyoshtakiwa Marekani kwa kuwahifadhi waliolipua, ilikubali kulipa baadaye zilihusu hasa Wamarekani na waliokuwa waajiriwa wa balozi, si mchora ramani wa jengo la jirani. Mtu wa aina hiyo kuombwa tena ajitolee muda wake bure, kwa heshima ya sanaa, ni kumwongezea dhuluma. Mwishoni tulimlipa siku zote za kazi kwa kiwango cha mpiga picha, pamoja na zile wiki tatu za Mei. Mtayarishaji bado anaona tulikiuka maadili. Mimi naona tulichelewa.

Tangazo la kituo ni kosa la mkataba, na dawa yake iko kwenye mkataba. Sasa tunaweka kifungu kwamba tangazo lolote litapita kwetu na kwa mhusika, na kwamba picha na sauti zisizomo kwenye filamu haziwezi kuingia kwenye tangazo la filamu hiyo. Vituo viwili vimekataa. Hatukuwauzia.

## Ilipo filamu sasa

Ridhaa ya mtandaoni Mwalimu aliitoa kwa mwaka mmoja mmoja. Kila Septemba mwongozaji humpigia, nao husikiliza filamu pamoja kabla hajajibu. Mwaka wa pili aliomba sentensi moja kuhusu kaka yake iondolewe, na ikaondolewa kwenye nakala ya mtandaoni. Nakala zilizokwisha kwenda shuleni bado zina sentensi hiyo, na tunazirudisha moja moja tunapozipata. Rekodi ya ufagio na vioo niliifuta mbele yake, kinasa sauti kikiwa mkononi mwake na kidole chake kikiwa kwenye kitufe. Aliomba nimsikilizishe kwanza, kwa sauti ya chini, sekunde tatu. Kisha akabonyeza.